Vita vya Kompyuta Havijui Mambo ya Muungano

Mizinga ya kwanza ya Vita Kuu vya 1914 katika nchi hii haikulenga kambi ya askari wala ghala la silaha. Tarehe 8 Agosti mwaka huo manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilisimama nje ya bandari ya Dar es Salaam ikaushambulia mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani. Siku tatu kabla ya hapo, huko Ulaya, meli nyingine ya Waingereza ilikuwa imekwisha kuzivua nyaya za simu za Wajerumani kutoka chini ya bahari na kuzikata. Wakubwa wale, kabla ya kuuana, walianza kwa kuzibana masikio.

Baada ya hapo vita vilitambaa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga katika bandari ya Unguja, ikaipiga mbele ya macho ya watu wa mji hata ikazama. Huku kwetu Ugogo hapakuwa na bandari. Lakini majeshi ya pande zote mbili yalipopita yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua vijana wakawe wapagazi. Kisha mvua ikakosa, na kati ya 1917 na 1920 ikaja njaa ambayo wazee wa Kigogo waliipa jina la Mtunya. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Hakuna Mgogo aliyeulizwa kama anavitaka vita hivyo, wala hakuna Mzanzibari aliyeulizwa.

Tumeanza huko kwa makusudi. Gazeti hili linaandikwa Chang'ombe, Dodoma (si ile Chang'ombe ya Temeke, ambako barua zetu hupelekwa mara kwa mara kwa makosa), lakini linasomwa pia Unguja na Pemba na katika ofisi za Serikali zetu zote mbili. Kwa wasomaji wa pande zote tunasikia neno lile lile: kwamba vita vya kompyuta ni ugomvi wa matajiri, na kwamba sisi wenye mashamba ya zabibu na wenzetu wenye mikarafuu hatumo. Neno hilo hatulikubali hata kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe, maana limechanganywa mno na wizi wa kwenye simu. Yuko mwizi wa mtandaoni, anayetaka fedha. Yuko mpelelezi, anayetaka siri. Hawa wawili ni wabaya, lakini wote wanapenda mitambo iendelee kufanya kazi. Mwizi hutaka duka libaki wazi kesho ili arudi kuiba tena. Wa tatu ndiye tunayemzungumzia leo. Huyu hutuma programu ambayo kazi yake ni kufuta: huingia katika kompyuta, hujisambaza kimya kimya kutoka chombo hadi chombo, na siku iliyopangwa huandika upuuzi juu ya kila kumbukumbu iliyomo. Mwenye ofisi akifungua asubuhi hakuti leja, hakuti orodha ya wagonjwa, hakuti mshahara wa mtu yeyote. Duka limekuwa jivu, na aliyelichoma hakuchukua hata senti moja.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2010 iligunduliwa programu iliyopewa jina la Stuxnet, ambayo ilikuwa imepenyezwa katika kiwanda cha kurutubisha urani cha Natanz nchini Iran. Iliziamuru mashine zizunguke kwa mwendo usiofaa hadi zikaharibika, na wakati huo huo ikawaonyesha wasimamizi kwamba mambo yote ni shwari. Mashine zipatazo 1,000 zinakadiriwa kupotea. Wachunguzi wengi wanazitaja Marekani na Israel kuwa ndizo zilizoitengeneza, ingawa hakuna iliyokiri rasmi.

Miaka miwili baadaye zamu ikawa ya upande wa pili wa Ghuba. Tarehe 15 Agosti 2012, katika siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani, wafanyakazi wengi wakiwa mapumzikoni, programu iitwayo Shamoon ilifuta kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco na kuacha picha ya bendera ya Marekani inayoungua. Kampuni tajiri kuliko karibu zote duniani ikarudi kwenye taipureta na faksi. Haikupita hata wiki mbili ikafuata kampuni ya gesi ya RasGas, Qatar. Maofisa wa Marekani waliitupia lawama Iran, Iran ikakana. Wasomaji wetu wa Visiwani wenye jamaa Maskati, Dubai na Doha wanajua kwamba mikoa ile si mbali. Fedha ya kujengea nyumba ya mama huko Wete au Makunduchi, aghalabu, hutoka kwenye mshahara unaolipwa kwa kompyuta za aina hiyo hiyo.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi ni wa tarehe 27 Juni 2017. Siku hiyo programu iliyokuja kuitwa NotPetya ilitolewa kwa njia ya programu ya hesabu za kodi iliyokuwa ikitumiwa na makampuni mengi ya Ukraine. Marekani na Uingereza zilitamka mwaka uliofuata kwamba ni kazi ya jeshi la Urusi, Urusi ilikanusha. Kwa vyovyote vile, aliyeituma aliikusudia Ukraine. Haikukaa Ukraine. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, iliyokuwa wakati huo kubwa kuliko zote duniani katika kubeba makontena, ilikuwa na ofisi moja huko iliyotumia programu hiyo ya kodi, na kupitia mlango huo mdogo mitandao yake ya dunia nzima ikaanguka. Bandari zilizokuwa mbali kabisa na vita, hata ile iliyo karibu na Mumbai, zikajaa malori yasiyojua kontena lipi ni la nani. Mwenyekiti wa kampuni hiyo alieleza baadaye kwamba ilibidi waweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba hasara ya dunia nzima ilizidi dola bilioni 10.

Na kampuni hiyo iliokokaje? Hapa pana jambo ambalo kila ofisa wa Serikali angelikata na kulibandika ukutani. Seva zote zilizotunza ramani ya mtandao wake, zilizokuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe kote duniani, zilifutika kwa pamoja, ila moja tu iliyokuwa katika ofisi ya Ghana. Ilisalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale, ikawa imezimika wakati maradhi yanapita. Nakala hiyo ilibebwa kwa mkono, kwa ndege, kutoka Ghana hadi Nigeria na kutoka Nigeria hadi Uingereza, maana mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya kuifikisha mwenyewe. Basi kukatika kwa umeme, jambo ambalo sisi Waafrika tunachekwa kwalo kila siku, ndiko kulikoiokoa kampuni kubwa ya Ulaya. Tungependa kujisifu, lakini hatuwezi kuufanya mgawo wa umeme kuwa sera ya ulinzi. Funzo liko katika ile nakala. Nakala zinazonakiliana zenyewe bila kukoma hufa pamoja. Inayookoa ni ile iliyotengwa, isiyounganishwa na kitu.

Watu wa Visiwani hawahitaji kuelezwa na sisi maana ya kutegemea waya mmoja. Mwezi Mei 2008 hitilafu ilitokea katika njia ya umeme inayotoka Bara kupita chini ya bahari hadi Fumba, na Unguja ikakaa gizani takriban mwezi mmoja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikarudia, safari hii miezi mitatu. Umeme ulipokwenda, maji nayo yalikwenda, kwa kuwa pampu huendeshwa na umeme huo huo. Watu wakarudi visimani na ndoo. Wenye hoteli waliwasha majenereta. Fundi wa cherehani, kinyozi na muuza samaki wa barafu hawakuwa na jenereta. Mchumi mmoja aliyezichunguza baadaye kumbukumbu za uzazi alikuta kwamba watoto waliozaliwa miezi kadhaa baada ya giza la 2008 walikuwa, kwa wastani, na uzito mdogo kuliko kawaida. Hakuna risasi iliyolia, wala hapakuwa na adui yeyote. Ilikuwa ni hitilafu tu, na bado ilimfikia mtoto aliye tumboni mwa mama yake.

Sasa msomaji aifikirie hitilafu hiyo ikiwa na nia. Tarehe 23 Desemba 2015, katika majira ya baridi, watu waliokuwa mbali walizishika kompyuta za mashirika ya umeme ya Ukraine, wakazima swichi moja baada ya nyingine huku mafundi wakitazama kishale kikitembea chenyewe kwenye kioo. Wateja wapatao 225,000 walikosa umeme kwa saa kadhaa. Walioondoka walifuta kompyuta nyuma yao. Na kwa nini umeme ulirudi baada ya saa na si baada ya wiki? Kwa sababu mafundi waliingia kwenye magari, wakaenda kituo hadi kituo, wakarudisha swichi kwa mikono. Mitambo yao ilikuwa ya zamani kiasi cha kukubali mkono wa mtu. Tunauliza, kwa nia njema kabisa: vituo vyetu vipya vinaukubali mkono?

Tangu wakati wa giza la Unguja mengi yamefanywa, na haki lazima isemwe. Mwaka 2013 Unguja ilipata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100. Pemba nayo ilikuwa imekwisha unganishwa kutoka Tanga. Lakini katika miaka hiyo hiyo tumeongeza utegemezi wa namna nyingine, usioonekana kwa macho. Kodi, faini, ada ya chuo, leseni, tiketi, malipo ya hospitali, vyote sasa hupita katika mifumo ya Serikali na mwananchi hupewa namba ya malipo. Umeme wenyewe hununuliwa kwa tarakimu, LUKU huku Bara na Tukuza kule Zanzibar. Mwezi Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipokwama kwa siku kadhaa, watu wenye fedha mkononi walilala gizani. Umeme ulikuwepo na nguzo zilikuwa zimesimama. Kilichokosekana ni tarakimu ishirini tu. Na tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipokatika upande wa kusini, intaneti ya nchi nzima ilidhoofu, na wengi ndipo walipotambua kwamba ile wanayoiita hewani hupita chini ya bahari.

Hizo zote ni ajali. Jirani zetu wamekwisha onja yasiyo ajali. Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, wenye huduma zaidi ya 5,000 za Serikali, ulishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, likidai kwamba Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Silaha yao haikuwa ya kufuta. Ilikuwa ni ya kuziba. Mfano wake ni dirisha la tiketi za boti pale Malindi: watu elfu moja wasio na safari wapange mstari, kila mmoja aulize nauli ya Pemba, kisha arudi nyuma ya mstari aulize tena. Hakuna kilichoibwa wala kuvunjwa, lakini mwenye mgonjwa wa kupeleka Muhimbili haondoki. Huko Kenya viza ikabidi zitolewe wageni wanapofika uwanjani, tiketi za treni zikawa shida, na wanunuzi wa umeme wakahangaika. Waziri aliyehusika alisema hakuna taarifa zilizopotea. Oktoba 2024 Marekani ikatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili wa Sudan. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 50 ilisumbuliwa hivyo, kwa mujibu wa mashtaka hayo, na kundi lililoendeshwa na watu wawili tu.

Ethiopia nayo ilitangaza Juni 2020 kwamba imezuia mashambulizi ya kundi la Misri wakati wa mvutano juu ya kujaza bwawa la Nile ya Buluu. Sisi tumo katika bonde hilo hilo la Nile. Na mwaka 2018 gazeti moja la Ufaransa liliandika kwamba kumbukumbu za jumba la Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, lililojengwa kwa msaada wa China, zilikuwa zikisafirishwa kila usiku kwenda Shanghai kwa miaka mitano. China ilikanusha, na Umoja wa Afrika nao ukakanusha. Hatuna uwezo wa kuamua kesi hiyo. Tunachosema ni kwamba mtu akijengewa nyumba na jirani, si ukosefu wa adabu kubadilisha kufuli baada ya kuhamia.

Wapo wanaotushauri kwamba dawa ni sisi nasi kuunda kikosi cha kushambulia. Vijana werevu tunao, wanasema. Chuo Kikuu cha Dodoma peke yake kinatoa wahitimu wa kompyuta kila mwaka. Tunaipinga rai hii kwa nguvu zetu zote, na sababu yetu si unyenyekevu. Risasi ikishafyatuliwa imekwisha. Programu haribifu ikishafyatuliwa inabaki, na anayepigwa nayo anaweza kuiokota, kuichunguza na kuirudisha. Tarehe 12 Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150 kwa kutumia mbinu iliyobuniwa na shirika la ujasusi la Marekani na kuibwa kutoka humo. Marekani na Uingereza ziliilaumu Korea Kaskazini. Hospitali za Uingereza, nchi iliyo rafiki mkubwa wa Marekani, ziliahirisha miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufikia 19,000. Mwezi uliofuata NotPetya ilitumia mbinu ile ile. Ikiwa Marekani, kwa utajiri wake wote, haikuweza kuifungia silaha yake kabatini, kabati letu litakuwa la namna gani? Nchi isiyofungamana na upande wowote haina faida ya kutengeneza panga ambalo mpini wake uko mikononi mwa kila mtu.

Afadhali tusimame pale tulipokwisha simama pamoja na wenzetu. Januari 2024 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilipitisha msimamo wa pamoja kwamba sheria ya kimataifa inatawala pia matendo ya dola katika mitandao. Ni karatasi, ndiyo. Lakini nchi ndogo ina haki ya kuzishika karatasi kwa mikono miwili, kwa kuwa hazina meli za kuzuia.

Turudi nyumbani, kwa maofisa wetu, maana hapo ndipo penye kazi. Sheria hazikosekani. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar. Ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao kwa sheria ya 2019, yenye makao yake hapa Dodoma, na Zanzibar inayo yake. Kipo kitengo cha kukabiliana na matukio ya usalama wa mitandao ndani ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake. Ila sheria hizi, kwa maumbile yake, zinamfikiria mhalifu anayeweza kukamatwa, kupelekwa mahakamani na kufungwa. Dola ya kigeni haifungwi Isanga. Swali lililobaki si la polisi. Ni la jinsi tutakavyoishi katika siku kumi za kwanza.

Na hapo Muungano wetu una jambo la kufikiri. Katika orodha ya mambo ya Muungano umo ulinzi na usalama, zimo posta na simu. Umeme wa Zanzibar haumo, hospitali zake hazimo, maji hayamo. Mgawanyo huo una historia yake na sababu zake, wala leo hatuugusi. Lakini waya haukuisoma orodha hiyo. Programu ikiingia kwa njia ya simu, ambayo ni ya Muungano, ikafuta orodha ya damu ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo si ya Muungano, ni nani anayempigia nani simu, na kwa simu ipi ikiwa simu yenyewe ndiyo iliyoshambuliwa? Tumewauliza maofisa wa pande zote mbili swali hili katika mazungumzo ya kawaida. Kila upande ulitujibu kwa heshima kwamba utaratibu upo. Hakuna aliyetuambia kwamba utaratibu huo umewahi kujaribiwa, pande zote zikiwa chumba kimoja, mitambo imezimwa kweli kweli.

Tunaomba ujaribiwe. Iteuliwe siku moja kwa mwaka, ya kazi, si Jumapili, ambayo bandari ya Malindi, hospitali moja ya Unguja, moja ya Pemba na wizara moja ya huku Mtumba zitafanya kazi kutwa nzima bila mtandao. Leja za karatasi zitoke kabatini. Wauguzi vijana waonyeshwe jinsi kadi ya mgonjwa inavyojazwa kwa kalamu. Makarani waliostaafu, ambao wanajua kufunga hesabu za siku bila mashine, waitwe na walipwe posho yao. Ni hazina inayoondoka kila mwaka bila mtu kuiandikisha. Siku hiyo itakuwa ya foleni na manung'uniko, nasi tutakuwa wa kwanza kunung'unika katika ukurasa huu. Lakini afadhali manung'uniko ya siku tuliyoichagua.

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa maofisa kuliko hilo la kwanza, kwa sababu halihitaji fedha. Mfumo unapoanguka, tangazo huwa ni moja, kama muhuri: tatizo la kiufundi, mafundi wanashughulikia, samahani kwa usumbufu. Waya ulioliwa na panya ni tatizo la kiufundi. Seva iliyojaa ni tatizo la kiufundi. Na siku programu ya adui itakapoingia, nayo itatangazwa kuwa tatizo la kiufundi, na ofisi ya jirani, ambayo ingeweza kuchomoa waya zake mapema ikasalimika, itaketi imetulia ikisubiri zamu yake. Maersk haikuficha. Ilitangaza siku ile ile kwamba imepigwa, na ulimwengu haukuidharau. Aibu ya kushambuliwa ni ndogo; ofisa mmoja anayenyamaza ili alinde cheo chake anaweza kuiponza mikoa mitano. Tunapendekeza ofisi zote za umma zilazimike kutoa taarifa kwa wananchi, kwa lugha ya wazi, ndani ya muda uliotajwa, zikieleza kama ni ajali, uzembe au shambulio. Siri za ulinzi zibaki siri. Kwamba malipo hayapokelewi si siri, kila aliye kwenye foleni anajua.

Tusijifanye watakatifu. Miaka michache iliyopita kompyuta ya chumba chetu cha habari hapa Chang'ombe ilipata virusi kutoka kwenye flashi aliyokuja nayo mmoja wetu, na picha za miaka sita zikageuka takataka: mikutano ya hadhara, mavuno ya zabibu, wazee waliokwisha kufariki. Hakuna dola iliyotushambulia. Hatukuwa na nakala, na aliyepaswa kuiweka ni sisi wenyewe. Siku tatu za mwanzo tuliwaambia waliotuuliza kwamba ni tatizo la kiufundi.

Tangu hapo, kila Ijumaa jioni mhariri wa picha hunakili kazi ya wiki kwenye diski, huichomoa, huifungia katika sanduku la bati na kwenda nayo kwake. Ni utaratibu wa kijima na haugharimu kitu. Tunaamini kwamba Serikali mbili zenye wataalamu zinaweza kufanya zaidi ya sanduku la bati, lakini tungefarijika kusikia kwamba zimefanya angalau hilo: kwamba daftari la ardhi, daftari la vizazi na vifo, orodha ya wastaafu na mizania ya bandari vina nakala iliyochomolewa, mahali ambapo hakuna waya unaofika, moja Bara na moja Visiwani.

Wabunge watakapoketi hapa Dodoma kwa ajili ya bajeti, na Wawakilishi watakapoketi Chukwani kwa ajili ya yao, tunawaomba waheshimiwa wa pande zote mbili wawaulize mawaziri maswali haya haya: nakala iko wapi, ilijaribiwa lini mara ya mwisho, na ni nani, kwa cheo chake, atakayempigia mwenzake wa upande wa pili. Majibu yakitolewa tutayachapa katika ukurasa huu, yote, pamoja na tarehe ya jaribio.